Futi Iliyokwenda Msituni

Siku futi yangu ilipopotea nilikuwa na sare 14 za kwaya za kumaliza kabla ya Jumapili. Fundi cherehani akikosa mkasi huazima kwa jirani, lakini futi kila mtu ana yake aliyoizoea, na yangu nilikuwa nayo tangu sijaolewa. Nikapekua makasha. Nikamshuku kitinda mimba wangu, wa darasa la saba, nikamshuku na paka. Jioni, Mafinga imeshaanza kufunikwa na ukungu, Mwalimu akaingia, suruali imelowa tope hadi kiunoni, futi imening'inia shingoni kana kwamba yeye ndiye fundi. Ilikuwa imegandwa na utomvu kama kijiti cha kunasia ndege.

"Mama watoto," akasema bila salamu, "kaa chini. Sisi ni matajiri."

Mwalimu ni mume wangu. Amestaafu baada ya kufundisha historia miaka mingi, na somo nalitaja mapema kwa sababu mbele litahitajika.

Tuna shamba la misindano, ekari mbili, nyuma ya kijiji alichozaliwa, huku Mufindi. Wakati tunapanda kila mtu alikuwa anapanda. Watu wa Dar es Salaam walikuwa wakinunua vilima ambavyo hawajawahi kuvikanyaga, na sisi tuliokulia jirani na msitu wa serikali wa Sao Hill, ulioanza kwa majaribio mwaka 1939, tukaona aibu kubaki na mahindi. Tulivuta kamba tukaweka miche mita 3 kwa 3, ambayo huingiza kama miche 450 kwa ekari. Majirani walitucheka kwamba tunapoteza ardhi; wao walipanda mita 2 kwa 2 na leo miti yao imekonda kama fito. Ya kwetu ilipofika miaka 12 ilikuwa imefunga kivuli, na mimi nilianza kulala vibaya kila Oktoba, mwezi wa moto. Unalala na akiba yako nje, imesimama, na jirani anachoma nyasi.

Januari ile dalali alikuja. Madalali wa miti huja Januari kama mchwa wenye mbawa baada ya mvua, maana wanajua ada za shule zinadaiwa. Huyu alikuwa kijana mwenye koti la ngozi. Alipita ukingoni mwa shamba, akatema mate, akasema, "Shikamoo Mwalimu, miti hii bado midogo," kisha akataja bei ya shamba zima kwa mkupuo: milioni tatu, taslimu, leo. Mtu wa kudharau kitu kwa mdomo huku pikipiki ameiacha inaunguruma simwamini. Ila nami sikuwa na hoja. Ningemwambia nini? Shamba ni langu, na sikujua lina nini ndani. Yeye alijua.

Ndipo Mwalimu alipoamua kwamba haki yetu itapatikana kwa vipimo, akaiba futi.

Kwa maelezo yake mwenyewe, kazi ilikwenda hivi. Alipima miti kumi kwa kuizungushia futi kifuani, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, kama alivyowahi kumwona bwana misitu akifanya. Wastani ukaja sentimita 60. Urefu aliupata kwa kijiti: unachukua kijiti kirefu sawasawa na umbali wa kutoka jichoni hadi kwenye ngumi ya mkono ulionyooshwa, unakisimamisha mbele yako, unarudi nyuma hadi kijiti kiufunike mti kuanzia shina hadi kilele; hatua zako mpaka kwenye mti ndio urefu wake. Njia hii ni sahihi na sina ugomvi nayo. Ugomvi ni kwamba inamtaka mtu arudi kinyumenyume akitazama juu, na jirani alikuwa amechimba shimo la udongo wa tofali. Mwalimu alitumbukia mzimamzima. Mita 15, akasema alipoibuka. Kijiti hakukiachia.

Kisha akakaa na daftari. Mti wenye upana wa sentimita 60, urefu mita 15: zaidi ya mita nne za ujazo. Mbao ya mbili kwa nne, futi 12, inaingia humo mara 224. Miti 900. Mbao 201,600. Akanisomea namba ile polepole, kama anayesoma wosia.

Mimi nilikuwa na sare 14. Nikamwamini.

Dalali alipopiga simu asubuhi, Mwalimu alimwambia arudi siku atakapojifunza adabu. Habari ikasafiri kuliko moshi. Wifi yangu alishuka kwenye basi la kutoka Dar na masanduku mawili, akitetemeka kwa baridi ndani ya koti la kuazima, akasema amekuja kutusalimia tu, wakati miaka minne salamu zake zilikuwa zinakuja kwa simu. Baba mdogo akatuma mjumbe kukumbusha kwamba ardhi ile ilikuwa ya ukoo kabla haijawa ya mtu. Shemeji mmoja alikuwa na wazo la biashara ya parachichi. Kila jioni sebuleni kwetu kulikuwa na kikao, chai ikipikwa kwa sufuria kubwa la msiba, na kila kikao kilihitimishwa kwa Mwalimu kusoma daftari. Wifi alitaka Noah. Mimi, nisijifanye mtakatifu, nilitaka vigae na cherehani ya umeme.

Mwalimu hakusubiri. Alikwenda kwa muuza samani, akakopa sofa la kona.

Lilipofika halikupita mlangoni. Wapakuzi waliliingiza ubavu, wakalisimamisha, wakaling'oa miguu. Hatimaye ikabidi fundi aondoe fremu ya mlango, na usiku ule tulilala na baridi ya Mafinga sebuleni, wifi amelala juu ya sofa amejifunika vitenge vya wateja wangu.

Aliyetuangusha ni kitinda mimba. Alikuwa akifanya hesabu za jioni, kalalia zulia kwa sababu sofa lilishikwa na wageni, akaliona daftari la baba yake. Akalisoma mara mbili.

"Baba, hii 60 ni mzingo au kipenyo?"

"Ni upana wa mti, mwanangu."

"Ulizungusha futi?"

"Nilizungusha."

"Basi ni mzingo. Ukitaka kipenyo unagawanya kwa pai. Inakuja 19."

Kimya. Wifi akaketi. Mtoto akaendelea, bila huruma ya darasa la saba, kwamba nusu kipenyo hujizidisha chenyewe, kwa hiyo kosa la mara tatu na kidogo linakuwa kosa la karibu mara kumi. Na tena baba amehesabu mcheduara, kana kwamba mti una unene uleule toka chini hadi kileleni, wakati mti huchongoka. Mwalimu akasema kwa unyonge kwamba kweli bwana misitu aliwahi kutaja kuzidisha kwa 0.45 mwishoni, ila yeye alidhani ni kodi.

Nami nikakumbuka kitu kilichonipita puani siku zote zile. Mwaka uliotangulia nilikwenda shambani kuokota kuni, nikaegemea mti mmoja, nikaukumbatia, na viganja vyangu vikapishana upande wa pili hadi nikajishika viwiko. Mti wenye upana wa sentimita 60 ungehitaji mtu mwenye mikono kama ya Mwalimu, na bado vidole visingekutana. Mwili wangu ulishaupima. Hakuna aliyeniuliza.

Mbao 224 zikawa ngapi basi? Kaka yangu, ambaye anachana mbao msituni kwa ile mashine tunayoiita dingdong, aliitwa siku ya pili. Alicheka hadi akaomba maji. "Shemeji, mti huo ukinipa tatu nashukuru. Nne, ukibahatika." Mtoto alikuwa amepata mita za ujazo 0.19 kwa mti, kaka akasema mashine yake hutoa mbao kama theluthi ya gogo, kingine ni mabanzi na vumbi, kwa sababu msumeno wenyewe mnene unakula njia yake. Wengine waliguna. Mimi nilielewa hapohapo. Sketi ya duara huikata kwenye kitambaa cha mraba, na pembe nne zinakuwa vitambaa vya kufutia vumbi. Mbao ni sketi hiyo kinyume: mraba unakatwa kwenye duara. Mteja wa mita tatu za kitenge asiyejua hilo hudhani nimemwibia.

Tulirudi shambani wote, safari hii mimi nikishika futi yangu. Kaka akatuonyesha kosa lingine: miti kumi ya Mwalimu yote ilikuwa ya ukingoni, inayopata jua na kunenepa. Ndani ilikuwa myembamba zaidi, na kule bondeni kwenye majimaji mingine ilikuwa ya kusikitisha. Tukapima mmoja kila mistari kadhaa, mpaka katikati, tukiandika.

Kisha akatueleza jinsi dalali anavyofikiri, na hilo ndilo lililoniuma kuliko pai. Bei ya mti uliosimama, alisema, haianzii shambani, inaanzia yadi ya Mafinga. Dalali anajua mbao inauzwa ngapi pale. Anatoa nauli ya Fuso, wapakiaji, wanawake wanaobeba mbao kichwani kupandisha kutoka bondeni, mashine na dizeli yake, wakataji, ushuru wa halmashauri, hati ya kusafirishia, faida yake; kinachobaki ndicho anachokuja kukutajia. Shamba letu liko mbali na barabara, na masika Fuso haishuki. Mti uleule ukiwa kando ya lami una bei nyingine kabisa. Na Januari ni masika na ni ada, vyote pamoja.

"Kwa hiyo alituibia?" Mwalimu akauliza, kwa matumaini kidogo.

"Aliwapunja. Kuwaibia, hapana." Akapiga mti mmoja kofi. "Huu una mbili kwa tatu na mbili kwa nne. Ukinenepa unatoa mbili kwa sita, moja kwa kumi, na hizo ndizo mafundi wanagombania. Gharama ya kuuangusha ni ileile. Mnauza mtoto."

Msindano wa mbao nzuri hungojewa miaka 18 hadi 25. Deni la sofa lilingojewa hadi mwisho wa mwezi.

Tulipiga alama ya chokaa kwenye miti 130, iliyopinda, iliyobanwa na wenzake, na ile ya majimaji, tukakubali kusubiri hadi Juni njia ikauke. Muuza samani alikubali pia, baada ya Mwalimu kwenda mwenyewe, kuvua kofia, na kuacha redio yetu rehani. Juni tuliuza ile 130 kwa kuhesabu mti mmoja mmoja, kila mmoja na unene wake kwenye daftari la mtoto. Mnunuzi alikuwa kijana yuleyule wa koti la ngozi. Alilitazama daftari, akamtazama mtoto, akatema mate. Safari hii alizima pikipiki. Mabishano yalichukua asubuhi nzima, na pesa iliyopatikana ilimaliza deni la sofa, ikarudisha redio na kulipa nusu ya ada. Vigae bado. Miti 770 iliyobaki imesimama, na Oktoba bado silali.

Wifi alirudi Dar na koti. Baba mdogo hakutuma mjumbe tena, ingawa alikuja mwenyewe siku moja kukaa kwenye sofa.

Futi niliisugua kwa mafuta ya taa siku mbili. Utomvu ulitoka na wino wake. Kati ya 58 na 64 haisomeki kitu mpaka leo, na wateja wangu wenye viuno vya hapo, ambao ni wasichana wa kwaya karibu wote, nawakadiria kwa macho.