Nasi Mtufunge Etiketi

Punia, mkoa wa Maniema

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Madini, Kinshasa

Yahusu: ombi la kupandishwa cheo hadi daraja la kasiterite

Mheshimiwa,

Tunakusalimu kutoka machimboni, matope yakiwa magotini. Sisi ndio mnaotuita wachimbaji wadogo, ingawa mashimo yenyewe si madogo. Wenyeji wanatuita wakuja: kuna waliotoka Kasai, kuna wa Bukavu, kuna waliosukuma baiskeli yenye mzigo kutoka Kisangani wakasahau kurudi.

Tumelitazama sana jiwe jeusi tunalolichimba, hiyo kasiterite inayotoa bati, na tunakiri tumelionea wivu.

Juzi afisa alilitundika gunia kwenye ndoano ya mzani, akasubiri mshale utulie, akaandika kilo, tarehe na jina la machimbo. Kisha akalifunga kwa etiketi ya plastiki yenye nambari, akaivuta mpaka ikalia kwa! Kijana aliyelipandisha gunia lile kutoka shimoni alikuwa amesimama pembeni, bega limechubuka, anapuliza vidole. Daftari halikumuuliza jina. Gunia lilikwenda zake kwa mnunuzi, likafungwa etiketi ya pili, na likibahatika litafika kwenye tanuru za Malaysia, kila mahali likipokewa kwa karatasi zake. Hatujapata kuona mhamiaji anayetunzwa namna hiyo.

Tunajua mtatuambia tusome sheria. Tumesoma. Katiba ya 2006, kifungu cha 36, inataka kazi ilipwe kwa haki. Cha 38 kinaruhusu vyama vya wafanyakazi. Sheria ya Kazi ya Oktoba 2002 nayo ni nzuri, ila inamtafuta mtu mwenye mkataba, na mkataba wetu ni mdomo wa mwenye shimo, yule tunayemwita pedeje. Pedeje hutukopesha unga, samaki wa chumvi na betri za tochi kwa bei anayoijua mwenyewe. Jiwe likitoka, yeye ndiye mpimaji, ndiye mnunuzi, ndiye mwenye kumbukumbu ya deni. Kinachosalia tunagawana, kikisalia.

Sheria ya Madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018 ikatutaka tujiunge na ushirika ndipo tupewe kadi. Tulifurahi kweli, tukadhani sasa tutaketi pamoja, tupange bei ya unga, tukubaliane nani atamlisha aliyevunjika mguu. Katika ushirika mmoja, ambao hatutautaja, tulimkuta mwenyekiti ana viganja laini kama vya mtoto mchanga. Tulipoomba tupige kura, tukajibiwa kwamba wakuja hawana kauli hapa. Hatudhani kama jiwe letu huambiwa hivyo likifika Malaysia.

Wazee wa Punia hutusimulia habari za SOMINKI, kampuni iliyoundwa 1976, enzi za mshahara, posho na hospitali. Bei ya bati ilipoporomoka 1985, na hayo yakaanza kuporomoka. Tangu hapo bei ikishuka hutushukia sisi kwanza; ikipanda, husimama njiani kupumzika. Na Septemba 2010, Rais wa wakati huo aliposimamisha uchimbaji Maniema na katika Kivu zote mbili mpaka Machi 2011 ili kuwabana wenye bunduki, wenye sururu ndio tuliolala njaa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, hatuombi ubinadamu, tusije tukaonekana tuna makuu. Tunaomba nambari. Mtu akiingia shimoni aandikwe. Asipotoka, daftari lionyeshe kwamba hesabu imepungua, kama mnavyohangaika gunia likipungua kilo mbili. Atokako kuandikwe pia, ili ijulikane huko nyumbani Kasai apelekewe nani habari ya msiba.

Gharama za etiketi zisiwape shida. Zile za mawe hukatwa kwenye bei tunayolipwa. Hata zetu mtukate sisi.

Wenu,
Wakuja wa Punia
(majina hayamo kwenye daftari)