Mjomba Hauzi

Watu wa Nairobi wakisema wanakwenda Mombasa kupumzika, huwa wamekusudia Nyali, Bamburi au, wakijaliwa, Diani ng'ambo ya Likoni. Shimanzi haimo. Shimanzi ni magodauni, malori ya kwenda Uganda na matangi ya mafuta yaliyopangwa kama masufuria ya harusi. Lakini mjomba wangu, karani mstaafu wa bandarini, anakaa huko, na shemeji yangu alikuwa ameshapiga hesabu.

Shemeji ni mwekezaji. Ana akaunti ya CDS ya kuwekea hisa, ana fedha kwenye mfuko wa soko la fedha, na simuni ana jedwali linalomwonyesha kila shilingi asiyoitumia leo itakuwa imezaa ngapi kufikia 2045. Kwa mujibu wa jedwali hilo, usiku mmoja wa hoteli ya ufuoni ungemlia mabati ya nyumba ya uzeeni. "Tulale kwa mjomba," akasema. "Kwa mjomba ni bure."

Mtu aliyewahi kulala bure kwa mjomba wa Pwani sijamwona. Huendi mikono mitupu. Tulibeba majani ya chai, maparachichi na gunia la viazi, na tuliposhuka Miritini, ambako treni ya Madaraka imekuwa ikituacha tangu 2017, dereva wa tuktuk alilitazama lile gunia akalitoza nauli ya mtu mzima. Shemeji alibisha mpaka barabara kuu. Gunia likalipiwa, na halikushukuru.

Tukaingia kisiwani vizuri. Tulipofika Shimanzi yenyewe, tuktuk ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Petroli imekwisha! Kushoto kwetu ukuta, na nyuma ya ukuta matangi ya mafuta. Kulia ukuta, na nyuma yake matangi mengine. Meli zimeshusha hapo kwa miaka na miaka mafuta ya kuendesha magari ya Kenya na ya majirani zake, na sisi tumekwama kwa kukosa lita moja. Dereva akaichukua chupa ya maji ya shemeji, akayamwaga maji, akaondoka kwa miguu kutafuta kituo cha mafuta. Tukaanza kusukuma. Kila tulipopumzika, shemeji alitoa simu kuangalia bei ya hisa zake. Ilikuwa Jumamosi. Soko la hisa la Nairobi hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo bei aliyokuwa akiihofia ilikuwa ni ile ile ya jana yake.

"Karibuni, karibuni," mjomba akatupokea mlangoni. "Mbona mwatoka jasho hivyo? Tuktuk mmepanda au mmeipakata?"

Baada ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, shemeji akayaleta mazungumzo alikotaka. Alikuwa amesikia kwamba mjomba ana hisa za Safaricom tangu siku ya kwanza, na alitaka kuijua siri.

Mjomba akasimulia. Machi 2008, nchi ikiwa bado na majeraha ya uchaguzi, serikali ilitoa robo ya kampuni hiyo iuzwe, wananchi kwa shilingi 5 kila hisa. Watu walikopa benki. Maombi yakazidi hisa zilizokuwapo zaidi ya mara nne, kila mtu akapewa kidogo na fedha zake nyingine akarudishiwa. Juni hisa zikaingia sokoni kwa shangwe. Mwaka uliofuata bei ikawa chini ya shilingi 3. Majirani wakauza, wakaapa.

"Wewe hukuuza," shemeji akasema, macho yamemng'aa.

"Goti lilikuwa likiniuma," mjomba akajibu. "Ofisi ya dalali ilikuwa ghorofa ya tatu, na lifti mbovu."

Goti lilipopoa, bei ilikuwa imeshapanda. Mwaka 2021 ilipita shilingi 40, na wakati huo mjomba hakujua karatasi zake ziko wapi. Mwaka 2023 ikarudi chini ya 15, na habari hiyo hakuisikia.

Shemeji alitaka kulia. "Mjomba, 2021 ungeuza! Halafu ukanunua tena ilipoteremka!"

"Ngazi ni zile zile, mwanangu."

Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024, gawio lilikuwa shilingi 1.20 kwa kila hisa, karibu robo ya bei aliyonunulia mjomba. Ni kweli shilingi ya 2008 si hii ya leo. Mwulize anayenunua unga. Hata hivyo kwa shemeji mjomba amekuwa bingwa wa subira, na hapo ndipo mimi na yeye tunapoachana. Subira hii tunayoisifu mara nyingi ni goti bovu lililoangukia kampuni nzuri. Wapo wajomba wengine, magoti mabovu vile vile, walioshikilia hisa za kiwanda cha sukari cha Mumias kwa uaminifu huo huo mpaka 2019 kilipowekwa chini ya usimamizi wa wadai wake. Hao hakuna anayesafiri kwenda kuwauliza siri.

Jioni mjomba akatupeleka Mji wa Kale. Tukapita Ngome ya Yesu. "Mreno alianza kuijenga 1593," akasema, "Mwomani akamtoa 1698, na leo anayekata tiketi ni Makumbusho ya Taifa. Huo ndio uwekezaji wa muda mrefu. Gawio hula mwengine."

Tukaketi barazani karibu na Msikiti wa Mandhry, uliosimama pale tangu 1570, tukanywa kahawa chungu kwa kashata. Wazee walikuwa wakarimu, na shemeji akaona wanafaa kufundishwa. "Siri ya utajiri, wazee wangu," akasema kwa sauti, "ni riba juu ya riba."

Vikombe vikasita njiani. Mmoja akaleta istighfari.

"Kijana ametoka safari," mjomba akasema. "Amesukuma tuktuk."

Walimsamehe, wakamweleza kwa upole: hisa ya biashara ya halali haina neno, maana mwenye hisa hushiriki faida na hasara pia, na mwenye kuihofia riba ana benki za kufuata sharia, Gulf African ikiwamo, iliyofunguliwa mwaka ule ule wa 2008. Halafu mzee mmoja akamgeukia mjomba. "Na magawio yako ya miaka ya mwanzo waliyatuma wapi?"

Mjomba akafikiri. "Sanduku la posta la kazini." Kazini ameondoka zamani.

Hapo simu ya shemeji ikapata kazi ya maana. Kwa sheria ya 2011, fedha za namna hiyo zikikaa miaka bila mwenyewe kuonekana hupelekwa kwa mamlaka ya serikali, UFAA, na huko hazipotei: mwenyewe au warithi wake wanaweza kuzidai. Kulitafuta jina kwenye tovuti yao ni bure. Kwa hiyo wewe uliyenunua hisa enzi zile, au ambaye marehemu baba yako alinunua na cheti kikabaki sandukuni, litafute jina hilo leo.

La mjomba lilionekana. Fomu hajaijaza, amesikia ofisi iko ghorofani.