Mgeni Asiyengoja Jembe

Kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda kwa jina la kitaalamu, ni mtoto wa nondo wa kijivu mwenye asili ya maeneo ya joto ya bara la Amerika. Sifa yake ya kwanza ni usafiri. Nondo wake hupanda upepo na kwa usiku mmoja huweza kwenda kilomita 100, bila nauli wala pasi. Huko Marekani safari ni ya kila mwaka: baridi kali humwua, hivyo hujistiri Florida na kusini mwa Texas, na joto likirudi hupanda kaskazini hadi Canada.

Afrika alipiga hodi mwaka 2016, Nigeria na nchi za jirani. Mwaka 2017 alikuwa amefika Kenya na Tanzania, na kufikia 2018 aliripotiwa katika nchi zaidi ya 40 za bara hili. Muungano wa Afrika umehutubiwa miaka mingi. Yeye aliutekeleza kwa misimu michache, bila kikao hata kimoja. Mwaka huo huo wa 2018 akaonekana Karnataka, India; 2019 akawa China, na 2020 Australia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hangoji kupewa. Jike hutaga mayai 100 hadi 200 kwa mkupuo na kuyafunika kwa manyoya ya mwili wake mwenyewe, na kwenye joto, siku ya tatu hivi, kazi imeanza. Watoto hukwangua jani upande mmoja na kuacha utando mwembamba unaopitisha mwanga kama kioo cha dirisha. Wengine hujining'iniza kwa uzi wa hariri wakapeperushwa hadi mmea wa pili. Wakikua huhamia kwenye moyo wa mmea, na mkulima akichungulia humo asubuhi hukuta kinyesi kibichi kama unga wa mbao, dalili ya fundi aliyekesha. Kinyesi hicho humziba fundi huko ndani, kiasi kwamba dawa ya kupulizia hupita juu tu.

Wala si mwizi wa kuficha sura. Usoni ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Chakula hachagui, kwani mimea ya aina zaidi ya 350 inamfaa, ila kwa adabu ya mgeni hupendelea mahindi, ambayo ndiyo ugali wa mwenyeji.

Cheo cha jeshi, kusema kweli, kinamzidi. Wanaotembea kwa safu ni viwavijeshi wa asili wa Afrika, Spodoptera exempta. Hawa wageni hulana wao kwa wao, ndiyo maana moyo mmoja wa mmea mara nyingi hukutwa na kiwavi mmoja tu mkubwa, mnene, aliyebaki peke yake.

Wakulima humkirimu kwa majivu au mchanga uliotiwa humo moyoni kwa vidole, mmea baada ya mmea. Mwingine anayemjali ni nyigu mdogo mno, Telenomus remus, anayetaga mayai yake ndani ya mayai ya nondo. Watafiti walipomtafuta Afrika, walimkuta tayari yupo, Kenya ikiwemo.