Nani Kachomeka Chaja?

Redio za jeshi za mawimbi mafupi hazikutengenezwa zipendeze sebuleni. Yangu ni Racal RA17, iliyoundwa Uingereza miaka ya 1950: valvu 23, uzito karibu kilo 30, na ukiiwasha hainong'oni neno mpaka ipate joto. Mke wangu huiita bi mdogo, ingawa kwa umri imemzidi mbali.

Redio za aina hii zilitumika katika vituo vya kunasa mawasiliano wakati wa Vita Baridi. Utulivu wake unatokana na ubunifu wa Trevor Wadley, mhandisi wa Afrika Kusini. Ukiielekeza kwenye masafa fulani inabaki hapo hapo, haitangitangi. Jeshi lilitaka sikio la kunasa mnong'ono wa mbali. Halikufikiria kwamba siku moja sikio hilo litahamia nyumba ya Leicester iliyojaa ruta, taa za LED na chaja za simu, na kila kimoja kinavuma kivyake kwenye mawimbi mafupi.

Ndiyo maana kusikiliza kwangu huanza na doria. Chumba hadi chumba, nachomoa. Chaja ya bei rahisi ndiyo adui mkubwa, na wanangu wamejua kuzificha nyuma ya kabati. Nikizima ruta, kelele zao humfikia jirani bila antena.

Mama mkwe alipokuja kutoka Unguja, aliitazama mashine, akaniuliza, "Mwanangu, jiko hili la umeme au gesi?"

Heshima ikanidai. Jioni nikazima nyumba nzima, nikatafuta kilohezi 11735, masafa ya redio ya Zanzibar. Sauti ikaja, ikafifia, ikarudi. Taarabu! Mama akavuta kiti. Yakafuata matangazo ya vifo, naye akainua kidole, tusipumue. Likasomwa jina la kwanza la bwana mmoja wa Mkunazini.

"Huyu? Nimemwacha mzima, na pesa zangu anazo!"

Akanyakua simu ampigie dada yake athibitishe. Simu haina chaji. Kabla sijafumbua mdomo, alishaitoa chaja mkobani na kuichomeka ukutani, na redio ikatoa mngurumo uliomeza jina la baba wa marehemu, ukoo wake na saa ya mazishi.

"Sasa mbona umeiharibu?" akanifokea. "Hebu ongeza sauti!"