Tangi Lisilojua Jumapili

Tangi la lita 5,000 lilipofika kwetu Moiben, nilidhani nimenunua raha. Kumbe nimejitafutia mwajiri, tena asiyejua Jumapili.

Kazi yenyewe huwa ya usiku. Mvua za kwanza, Machi kuelekea Aprili, hukuta paa limebeba vumbi la kiangazi kizima, majani ya mkaratusi na salamu za njiwa wa jirani. Maji hayo ya mwanzo ni ya kuosha bati, si ya kunywa. Wenye pesa huweka bomba la pembeni lenye kifuniko, likameza ule uchafu kabla maji hayajaingia tangini. Kwetu bomba hilo ni mimi. Bati likianza kulia tu, nahisi kiwiko ubavuni: "Baba Chebet, mvua!" Natoka na gambuti na koti kuukuu, nasukuma bomba la gata kando, nasimama dakika kumi nikihesabu radi. Na baridi ya huku, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, haimjui mwenye nyumba. Ikishuka mvua ya mawe, hesabu inahamia kichwani mwangu.

Kosa nililifanya mwenyewe: nilimsaidia Chebet hesabu za shule. Nikamfundisha kwamba milimita moja ya mvua kwenye mita mraba moja ya bati ni lita moja. Paa letu ni mita 10 kwa 6. Ikinyesha milimita 20 ni lita 1,200, kabla hujatoa zile zinazoruka gata. Nikajiona profesa. Mtoto akaendelea bila kutumwa: watu sita, kila mmoja mtungi wa lita 20 kwa siku, tangi linakauka siku ya 42. Na kwa kiangazi chetu, Desemba mpaka Machi, siku 42 ni kifungua kinywa tu. Mama yake alikuwa anasikia. Kesho yake mfereji wa tangi ulikuwa na kufuli, na ufunguo umefundikwa kwenye pindo la leso.

Tangu hapo maji yetu hayamwagwi. Yanahamishwa kituo, kama polisi. Yaliyosuuza nguo yanafulia soksi. Ya sabuni yanaenda kwenye mparachichi, shinani, yasiguse sukuma wiki. Yaliyoosha viazi yanaletwa miguuni pangu, na yakitoka hapo yanaripoti chooni. Juzi nilinawa mikono nikamwaga karai nje, mazoea ya ukapera. Nilihojiwa kama mwizi wa ng'ombe.

Lakini kinachoniuma hasa ni jina. Mto Moiben wenyewe umewekewa bwawa kule Chebara, Elgeyo Marakwet, na maji yake yanateremka kwa bomba hadi Eldoret mjini. Shemeji yangu anakaa huko. Huoga akiimba, beti zote na kiitikio. Mimi niliyebaki na jina la mto naoga kwa kikombe, kimya, maana wimbo unakula maji.

Jumapili iliyopita akatutembelea, akaomba kunawa. Dada yake akammiminia kidogo kidogo kwa birika, mimi nimeshika karai chini ya mikono yake, tone lisipotee. Akamaliza, akanyoosha mkono alimwage. Mke wangu akaliwahi.

"Haya machafu ya nini tena, dada?"

"Ya shemeji yako," akajibu. "Hajaosha miguu."