Mwanafunzi wa Visiwani: Uainishaji wa Awali

Kuhusu kobe, iguana na chiriku wa visiwa vya Galápagos, wataalamu wameshaandika mpaka rafu za maktaba zimepinda. Kiumbe ambaye hajaainishwa bado ni yule anayeshuka huko kwa makundi kila mwaka, begi mgongoni na darubini shingoni: mwanafunzi wa safari ya masomo. Makala haya yanajaribu kuziba pengo hilo. Wale watakaojitambua humu tunawaomba radhi mapema.

Tuanze na makazi yake. Visiwa hivi ni vilele vya volkano vilivyochomoza katika bahari ya Pasifiki, kilomita elfu moja hivi kutoka pwani ya Ekuador. Asilimia 97 ya nchi kavu yake ni hifadhi ya taifa, iliyotangazwa mwaka 1959, na ndani yake mwanafunzi hazururi apendavyo. Sharti aongozwe na mtu mwenye leseni, ambaye haruhusiwi kuchunga zaidi ya watu 16. Haachi njia iliyowekewa alama, hatumii mwanga wa kamera, wala hamsogelei mnyama chini ya mita mbili. Sheria hii ya mita mbili ni nzuri sana, ila wanyama hawajaisoma. Simba-bahari hujilaza katikati ya njia na kukoroma. Katika kisiwa cha Española kuna ndege wa kijivu, mdomo umepinda, uzito wake kama yai la kuku, ambaye akiona chupa ya maji huifuata na kuidonoa kifuniko, kwa kuwa maji baridi kisiwani ni haba. Hapo ndipo tunapomshuhudia mwanafunzi akirudi kinyumenyume juu ya mawe, mikono juu, akitii sheria mbele ya mvunja sheria.

Jambo hilo ndilo msingi wa uainishaji wetu. Kwingineko duniani shida ya mtazamaji ni kwamba mnyama hukimbia. Hapa mnyama ametulia, anayekimbia ni mwanafunzi.

Spishi iliyoenea kuliko zote ni mpigapicha. Mtazame akiwa na iguana wa baharini, mjusi pekee duniani anayetafuta chakula chake baharini. Iguana amezamia majini kula mwani, amerudi juu ya zaha nyeusi, amejitandaza kifudifudi na wenzake aote jua damu ipate moto. Chumvi aliyoimeza anaitoa kwa tezi zilizo karibu na pua: anatulia, anatulia, kisha anapiga chafya, na rasharasha nyeupe inamrukia jirani yake kichwani, ambako hukauka na kuwa kofia. Jirani hana habari. Ni tukio la sekunde moja, na katika sekunde hiyo mpigapicha huwa ameinamisha kichwa akikagua picha iliyotangulia. Anarudi nyumbani na picha mia tatu za iguana anayekaribia kupiga chafya.

Ya pili ni mjuaji. Huyu hutambuliwa kwa mlio, unaoanza na “hii ni kwa sababu…” na hauna mwisho maalumu. Chukua yule ndege wa baharini mwenye miguu ya buluu. Dume humchezea jike kwa kuinua mguu mmoja, taratibu, akauonyesha, akaushusha, akainua wa pili, kisha akamletea kijiti ambacho hakina kazi yoyote, maana kiota chao ni ardhi tupu. Buluu ile hutegemea lishe, na dume aliyekula vibaya miguu yake hufifia. Mjuaji anayafahamu haya yote na anayaeleza kwa ufasaha, akiwa ameupa mgongo uwanja wa mchezo. Anapofika kwenye hitimisho, jike ameshakata shauri.

Mhesabuji tutampita haraka: ana jedwali, ana kalamu ya risasi, na amehesabu kaa wekundu wale wale mara mbili.

Mgonjwa wa bahari, kwa upande wake, anastahili heshima ya taaluma. Boti ya abiria kutoka Puerto Ayora hadi kisiwa cha Isabela huchukua kama saa mbili, na kati ya Julai na Septemba bahari huchafuka kwelikweli. Spishi hii hukaa nyuma kabisa, karibu na injini, macho yameganda kwenye upeo wa bahari. Pomboo wakipita, hageuki. Wadadisi wamesema haichangii sayansi. Tunawapinga, na ushahidi wetu ni huu ufuatao.

Kwa kanuni za uainishaji, kila spishi huwekewa kielelezo cha asili ambacho wengine hulinganishwa nacho. Chetu ni Charles Darwin, aliyefika mwaka 1835 akiwa na umri wa miaka 26, baada ya kuteswa na kichefuchefu karibu safari nzima ya meli ya Beagle. Alimvuta iguana wa nchi kavu mkia alipokuwa akichimba shimo. Wa baharini alimrusha majini mara kadhaa kuona kama atarudi palepale, naye akarudi. Alipanda kobe mgongoni akashindwa kukaa sawa. Mtawala wa visiwa alimweleza kwamba kobe wa kila kisiwa hujulikana kwa gamba, asilitilie maanani kwa wakati ule, na mabaharia wakapakia kobe wakawala njiani. Chiriku wake aliwachanganya bila kuandika yupi ametoka kisiwa kipi; ilibidi John Gould, mtaalamu wa ndege wa London, awapange mwaka 1837. Mkufunzi yeyote wa leo angempa alama za chini na barua kwa mzazi.

Imebaki spishi adimu, mkaaji. Huyu huketi. Sura yake ya utu uzima ni Peter na Rosemary Grant, walioanza mwaka 1973 kukipanda kisiwa kidogo cha Daphne Major, kisicho na maji ya kunywa, wakaendelea kwenda kwa miaka 40 kuwapima chiriku midomo. Mwaka 1977 ukame ukaua ndege wengi. Mbegu ndogo ziliisha, zikabaki ngumu, na wenye midomo minene wakapona kwa wingi zaidi. Wastani wa kizazi kilichofuata uliongezeka kwa chini ya milimita moja, nao wakaiona, kwa sababu walikuwepo.

Wataalamu wanabishana kama mkaaji ni spishi kamili. Wapo wanaoshikilia kwamba ni mpigapicha aliyeishiwa betri. Tunaegemea rai hiyo: vielelezo vyote vichanga tulivyovichunguza vilikuwa na kamera begini, na vyote viliulizia soketi mara tu vilipofika melini.