Yah: Maombi ya Dakika Tano

Kwa: Kamati ya Kitaaluma, Kongamano Lijalo la Ziwa Tanganyika, Kigoma mjini.
Kutoka: Mwombaji, mvuvi wa dagaa, Ilagala, Wilaya ya Uvinza, Kigoma.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwombaji ameusoma wito wa mawasilisho mafupi mara tatu: mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili kwa kamusi, mara ya tatu kwa bando la kuazima, lililokata kabla fomu haijafunguka. Ameelewa kwamba Kamati inataka ikisiri isiyozidi maneno 300, kwa Kiingereza, pamoja na maneno muhimu matano, jina la taasisi na shahada ya juu kabisa ya msemaji. Akikubaliwa atapewa dakika tano, slaidi tatu na, akishalipa ada, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni.

Dakika tano zinamtosha. Mwambao huu haujawahi kulalamikia ufupi. Novemba 1871, pale Ujiji, Susi alimkimbilia bwana wake, msafiri David Livingstone, akihema, akamwambia kuna Mzungu anakuja na amemwona kwa macho yake. Wasilisho likaisha kwa pumzi moja, bila slaidi, na matokeo yakathibitishwa papo hapo, mwandishi wa habari Henry Stanley alipotokea. Kitabu cha kisa hicho kilipochapwa London mwaka uliofuata, jina la mwandishi lilikuwa la Stanley peke yake. Utaratibu huo wa majina haujabadilika sana.

Kuhusu shahada, mwombaji hana ugomvi, ila anaikumbuka Gombe, msitu wa sokwe kaskazini ya Ujiji. Mtafiti Jane Goodall aliposhuka kwenye boti Julai 1960 hakuwa na shahada hata moja. Mwaka huohuo akamwona sokwe akichokoa mchwa kichuguuni kwa bua la nyasi, na wasomi waliokuwa wakifundisha kwamba binadamu peke yake ndiye mtengeneza zana wakabaki na kazi ya kusahihisha vitabu. Fomu ya Kamati, yenye kinyota chekundu pembeni ya neno "shahada", ingemrudisha Kigoma kwa boti ileile.

Utamu hasa uko mbele kidogo. Januari 1974 sokwe wa kundi la Kasakela walimvamia Godi, dume wa kundi la Kahama, wakampiga vibaya. Ndivyo vilivyoanza vita vya miaka minne ambavyo dunia nzima ilikuja kuvisoma. Aliyeshuhudia shambulio hilo ni Hilali Matama, msaidizi wa utafiti, Mtanzania. Mei 1975 waasi kutoka ng'ambo ya ziwa waliwateka watu wanne pale Gombe. Watafiti wa kigeni wakaondoka, na wasaidizi Watanzania wakabaki na madaftari yao, wakiwafuata sokwe siku baada ya siku na kuandika kwa Kiswahili. Mmoja wa tafiti ndefu kuliko zote za wanyama wa mwituni umesimama juu ya mwandiko huo. Maana yake Kiswahili kinaruhusiwa kupanda mlima, kuloa mvua na kushinda njaa nyuma ya sokwe. Kinachokatazwa ni kupanda jukwaani.

Kule Bayreuth, Ujerumani, wasomi hukutana katika kongamano lao la Kiswahili na kuwasilisha mada kwa Kiswahili. Mwombaji anauliza, kwa heshima zote, kama njia ya mkato kutoka Ilagala hadi kwenye kipaza sauti cha Kigoma mjini ni kupitia huko.

Mada yenyewe ni dagaa. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapa utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake. Walisema maji ya juu yakipata joto huwa mepesi na kukataa kuchanganyika na ya chini. Upepo nao ukilegea, rutuba iliyolala kwenye kina cha ziwa hili, cha mita 1,470, haipandi. Mwani hupungua, vijidudu vinavyoula hupungua, dagaa hukosa chakula. Walikadiria kwamba uzalishaji huo wa mwani umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Wengine wakajibu kwamba idadi ya samaki wanaovuliwa inaeleza zaidi habari za uvuvi kuliko za hali ya hewa. Mabishano hayo ni mazuri, na mwombaji angependa kuyasikia akiwa ndani ya ukumbi, maana kila upande unapomtaja mvuvi, yeye huwa nje akianika.

Kuna maombi madogo mawili. Kwanza, kongamano lipangwe wakati wa mbalamwezi. Dagaa hufuata taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, na mitumbwi hulala ufukweni. Kamati ikichagua usiku wa giza itapata ukumbi wa maprofesa watupu. Au wakutane wakati ziwa limefungwa: kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Serikali ilisimamisha uvuvi, na kwa miezi mitatu wavuvi walikuwa na nafasi hata ya kusikiliza hotuba za ufunguzi.

Pili, asihamishiwe kwenye mabango. Bango analo, ni kichanja cha dagaa, na harufu yake haikunjiki. Ada atalipa kwa dumu la mawese, mhasibu akikubali kutoa risiti.

Ikisiri imeambatishwa hapa ili kuokoa bando. Kichwa: Taa Ileile, Wavu Uleule. Mbinu: kukesha. Sampuli: usiku wowote usio na mwezi. Matokeo: yatatolewa jukwaani. Maneno muhimu: dagaa, upepo, joto, nauli, posho.

Wako katika ujenzi wa taaluma,
Mwombaji

Nakala: Nahodha wa pantoni ya Malagarasi, Ilagala, kwa taarifa. Siku ya safari ndiye atakayekuwa mwenyekiti wa kikao cha kwanza.